Mtungi wa Kichwa Chini

4 Machi

Dada,

Sikuulizi hali, maana utanijibu uongo. Simu nayo nimeiacha makusudi. Sentensi yako moja, kikohozi dakika nzima, halafu shemeji anakupokonya na kusema "atakupigia." Kwenye karatasi angalau hukohoi.

Kazi niliyokuambia nimeipata. Maabara iko ghorofa ya chini, dirisha linatazama ukuta. Kwenye tundu la sinki kuna utelezi wa kijivu wenye nywele ambao hakuna anayekubali kwamba ni wake. Taulo la kufutia mikono ni moja, na limekauka likawa gumu kama kibao. Fundi wa mitambo, anayeitwa Spana, hutafuna kizibo cha kalamu kisha anakuazima hiyo kalamu. Mkuu wetu tunamwita Marashi. Akipita kwenye korido, hata ukifika nyuma yake unajua alipita lini na alikuwa na haraka kiasi gani. Bahati nzuri wiki hii nina mafua, pua imeziba kama ya sanamu, kwa hiyo nimekula kantini bila kusikia harufu ya dekio.

Lakini kuna kitu kimoja humu kisichonitia kinyaa. Kipo kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, na kazi ya hiki ni kukata makohozi mazito vipande vipande mpaka yawe mepesi. Ili kifike mwisho wa mapafu, lazima kiwe unga laini kuliko vumbi lolote ulilowahi kupiga chafya. Ukikikausha kwa moto kinaiva, kama ute wa yai kwenye kikaango, na hakifai tena. Hapo ndipo inapoingia gesi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Tunaibana ndani ya chombo cha chuma tunachokiita chungu, kwa joto la kiganja tu, mpaka inakuwa si hewa wala si maji. Kisha tunanyunyizia ndani yake ule mchanganyiko wa kimeng'enya, maji na spiriti. Gesi inakumbatia spiriti na maji inaondoka navyo, na protini inabaki peke yake, inadondoka kama ukungu mweupe.

Kazi ngumu ni mwisho. Unaachia presha taratibu, hewa itoke kwanza. Ukiharakisha, spiriti iliyobaki inarudi, unga unalowa, na unafungua chungu unakuta gundi.

Leo nilifungua nikakuta unga. Nilikufikiria wewe. Nimekutilia kidogo kwenye kichupa, atakuletea dereva wa basi. Ni cha kutazama tu. Usikifungue. Bado si dawa.

Mdogo wako,
Pua


15 Machi

Pua wangu,

Mtu anapata kazi, wa kwanza kusalimiana naye ni sinki. Hujabadilika. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hunywei kikombe nilichonywea mimi, unakigeuza kwanza kutafuta alama ya mdomo. Hilo jina hatukukupa bure.

Sisi huku tupo. Shemeji yako amehamia sebuleni, anasema mgongo wake unataka kochi. Mgongo gani unaotaka kochi lililotoka springi? Sijamuuliza. Usiku namsikia akiongeza sauti ya redio nikianza. Kopo langu la kutemea bado lile la maziwa ya unga. Nimeshona kitambaa cha maua nikalivika, ukiingia chumbani utadhani ni pambo.

Wateja wamepungua. Juzi mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akaufungua mfuko akauning'iniza mbali nami ili nilitumbukize mwenyewe. Kisha akalinusa mbele yangu. Nilimwambia, "Dada, hilo ni gauni, si samaki." Hakucheka. Mimi nilicheka, na nilipocheka nikakohoa, akaondoka mbio.

Kichupa nimekipokea. Kizuri kweli, kinapanda na kushuka ndani kama moshi. Nimekiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Nakitazama kama ulivyoagiza. Hivi, kwa mfano, mtu mwenye dawa yake halali angevuta kiasi gani kwa siku? Nauliza tu, nikiulizwa na watu nisije nikakuaibisha.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Waambie watu kwamba ni kidogo sana, kama chokaa inayobaki kwenye ncha ya ukucha ukikwaruza ukuta. Kidogo kiasi hicho, mara moja kwa siku.

Mafua yameisha, pua imerudi, na bora isingerudi. Unga unanuka.

Si harufu kubwa. Ni kama bawaba ya mlango wa zamani. Nilidhani ni taulo, nikalitupa. Nikadhani ni Spana, nikahamia meza ya mbali. Mwishowe nikaenda nyuma, kwenye banda la mitungi, nikaona.

Nikueleze. Ndani ya mtungi, gesi hii hukaa kama maji chini na hewa juu. Sisi tunataka yale maji. Mtungi unaofaa una mrija ndani unaofika sakafuni, kama mrija kwenye chupa ya soda. Muuzaji ameleta mitungi isiyo na mrija, na Marashi hakutaka kusubiri. Basi Spana ameupindua mtungi, ameufunga kwa minyororo ukutani, kichwa chini na matako juu kama popo. Maji yanatoka, ni kweli. Lakini mtungi uliozungushwa viwanda vyote una nini sakafuni? Kutu. Mafuta ya mashine zilizoujaza. Miaka yote uchafu huo umekaa chini umetulia, na sasa chini ndiko mdomoni. Na gesi ikibanwa hivi ni mwizi wa mafuta, inayayeyusha na kuyabeba, kisha presha ikishuka inayatua palepale penye unga.

Nilimpelekea Marashi chupa ya unga.

"Unanusa nini, binti?"

"Grisi."

Akaiinamia, akafumba macho. "Mimi nanusa maua."

"Hayo ni yako, Mkuu."

Spana alicheka mpaka akalazimika kujifanya anapiga chafya. Marashi hakucheka. Alinishika bega, na bega langu limenuka maua hadi nilipofika nyumbani nikavua blauzi nikailoweka. Alisema hapimi dawa kwa pua za wasichana. Unga huu unakwenda hospitali kwa majaribio ya wagonjwa, watu wanaovuta pumzi kwa shida kama wewe. Nimelisema hilo kinywani mwangu mara kadhaa na kila mara mate yananijaa.

Chako angalau ni cha mwanzo, kabla ya upuuzi huu. Nilikinusa mwenyewe kabla ya kukifunga, kilikuwa hakina harufu yoyote. Nikikifikiria nafarijika.

Pua


9 Aprili

Pua wangu,

Leo nina habari, kaa chini.

Nimelala chali. Wewe hujui maana yake, wenye mapafu hulala wanavyotaka kama paka. Nimelala chali mpaka asubuhi, na nilipoamka makohozi yalikuwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele, yakatoka bila kunidai roho. Nimepanda ngazi za kwa jirani nikiwa naongea. Jirani akasema, "Leo umekuja na sauti yako." Nadhani ni hali ya hewa, vumbi limepungua.

Shemeji yako amerudi chumbani. Nilisikia tu kitanda kimezama upande. Mgongo umepona, Mungu mkubwa.

Habari ya pili, nimekwenda hospitali nikajiandikisha kwenye hayo majaribio ya dawa yenu. Nimekubaliwa. Nesi aliponieleza kuhusu gesi na chungu nikamwambia najua, akashangaa. Kwa hiyo, mdogo wangu, usigombane sana na huyo mnuka maua. Samaki hukunjwa angali mbichi, wakubwa hawakunjiki. Wafanye haraka tu.

Halafu nina ombi. Kile kichupa kilimwagika. Unaweza kunitumia kingine? Cha kutazama.

Dada yako


14 Aprili

Binti yangu,

Nakuandikia kama baba, si kama mkuu wa maabara. Ningeweza kukuita ofisini, lakini siku hizi ukiingia kwangu unaziba pua, na wenzako wanaona.

Wewe ni mpimaji. Bila saini yako kwamba unga ni safi, hospitali haiwezi kuupokea. Nimekusikiliza kuhusu mitungi. Kiasi unachokisema, kama kipo, ni kidogo kuliko moshi ambao mgonjwa huyohuyo anavuta akisimama kituoni kusubiri basi. Tunawezaje kuwanyima watu pumzi kwa ajili ya harufu ambayo pua moja tu imeisikia?

Nimeona pia kwamba mmoja wa wagonjwa walioandikishwa ametoa anwani yako kama ndugu wa karibu. Dunia ni ndogo. Sikulisema kwa mtu. Ila nilipoona nilijiuliza: anayechelewesha dawa hii anamchelewesha nani?

Nakusubiri kabla ya mwisho wa wiki. Wino upo mezani kwangu.

Mkuu wako


15 Aprili

Dada,

Nimetapika kwenye sinki lile lile. Barua ya Marashi nimeifungia kwenye mfuko wa plastiki, maana hata karatasi inanuka maua.

Nisikilize vizuri. Nilimuuliza Spana ameanza lini kupindua mitungi. Alikuwa anatafuna kalamu. Akasema, "Tangu kabla hujaja. Wageni wakija tu ndipo tunausimamisha mtungi."

Kabla sijaja, dada.

Nikatoa chupa zote kabatini. Kutoka kila moja nikachukua unga kidogo, nikauosha kwa spiriti safi, nikaichuja spiriti ikauke kwenye visahani vya kioo. Kila kisahani kilibaki na duara la kahawia. Ukiligusa linateleza, halafu haliachi kidole. Duara baya kuliko yote ni la kundi la unga nililokuwekea wewe, kwa sababu siku ile mtungi ulikuwa unakwisha na tulikuwa tunakamua mashapo. Nami niliusifu unga ule kwamba hauna harufu. Nilikuwa na mafua, dada. Hata choo kingekuwa hakina harufu. Niliwacheka wote humu kwamba hawana pua, na siku moja niliyotakiwa kuwa nayo sikuwa nayo.

Sasa nasoma tena barua zako. Makohozi mepesi. Sauti imerudi. Hali ya hewa. Kichupa kimemwagika, kimemwagikia wapi? Unga ule ukimwagika haumwagiki, unaruka juu. Uliniuliza kipimo, na mimi kwa kujidai nikakuandikia.

Niambie hukuuvuta. Andika neno moja tu.

Pua


22 Aprili

Pua,

Niliuvuta.

Nilikata kalamu, nikatumia bomba lake. Chokaa kwenye ncha ya ukucha, mara moja kwa siku, kama ulivyosema. Na usijidanganye kwamba sikusikia harufu. Niliisikia siku ya kwanza. Lakini kutwa nashika cherehani, nikadhani ni mafuta ya mashine kwenye vidole vyangu. Nikaenda kunawa kwa sabuni, nikarudi, nikavuta tena, bado inanuka. Nikasema basi, mikono yangu ndiyo ilivyo.

Homa ninayo, mficha maradhi kilio humuumbua. Makohozi yamerudi, sasa yana rangi ya chai. Shemeji yako karudi kwenye kochi lake.

Lakini nisikilize na wewe. Kati ya kile kichupa na hii homa kulikuwa na siku nilizopanda ngazi nikiongea. Siku hizo hakunipa daktari, hakunipa mume wangu, hakunipa maombi ya mtu. Ule unga ulizileta, pamoja na grisi yake. Wewe unaniambia habari za duara la kahawia. Mimi kila asubuhi natema kitu ambacho ukikiona utahama nyumba, halafu nafunika kopo, najifuta, napika chai. Wewe kinyaa kinakupata puani. Mimi kinalala mdomoni.

Ulipokuwa mchanga ulizibwa pua na mafua ukawa huwezi kunyonya wala kulia. Mama alikuwa kazini. Mimi nilikuwa wa umri wa kuruka kamba. Nilikuweka mapajani, nikaweka mdomo wangu puani mwako, nikavuta, nikatema dirishani. Nikarudia mpaka ukapumua. Sikukuuliza kama kamasi zako ni safi.

Tia saini. Majaribio yaanze, wenye kujua watasafisha mbele ya safari. Mimi huko mbele sina uhakika nitakuwepo. Na usije, sitaki kukuona umekaa dirishani na kitambaa usoni kama mara ile ulipokuja.

Dada


2 Mei

Dada,

Sikutia saini.

Nilivifunga vile visahani kwenye sanduku la viatu, nikampelekea daktari wa kifua anayesimamia majaribio kule hospitalini. Alidhani nimemletea zawadi. Aliweka kidole kwenye duara moja, akakisugua, akakinusa, kisha akakifuta kwenye koti lake jeupe huku ameukunja uso, na alama ikabaki. Aliitazama ile alama muda mrefu. Siku iliyofuata walisimamisha kila kitu. Mpaka mitungi sahihi ipatikane, vichujio vifungwe, na kila kundi lipimwe upya na watu wa nje. Nimemuuliza ni lini. Amesema mwakani, labda.

Kwa hiyo aliyekunyang'anya ile dawa ni mimi. Si Marashi, si Spana. Nilijua nakunyang'anya wakati nabeba lile sanduku, nikaendelea kutembea. Nisingeweza kuandika kwa mkono wangu kwamba kitu kile kiingie ndani ya watu. Nilijaribu, dada. Nilikwenda ofisini kwa Marashi, nikashika kalamu yake, nayo ilikuwa imelowa jasho la mkono wake na mafuta ya maua. Nikaona kwamba nikiandika sitanawa nikatakata.

Nimemwambia daktari kuhusu kichupa, na kwamba aliyekipeleka ni mimi. Amesema mafuta yakikaa kwenye mapafu yanaharibu mambo ndani, lakini kuna namna ya kuyaosha ikiwahiwa. Barua yake imo humu. Ipeleke hospitali ya hapo kwenu leo, si kesho. Nikasirikie ukiwa njiani.

Marashi amesema nisirudi. Spana alinisindikiza mpaka getini. Akaniambia, "Ungeniambia mimi tu, ningeusimamisha mtungi." Alisema kwa moyo safi kabisa, na sikujua nicheke au nimtemee mate.

Mara ile uliyoitaja, ni kweli nilikaa dirishani. Chai uliyonitilia niliimwaga uani kwa jirani. Ulijua, na ukanitilia nyingine.

Sasa nakuja, hata ukikataza. Jumamosi. Sitalala sebuleni, kochi ni la shemeji. Nitalala chumbani kwako. Kopo nitalimwaga mimi.

Mdogo wako


8 Mei

Pua,

Barua hii naiandikia kitandani, hospitali, kwa hiyo usiicheke mistari. Itakukuta kwa mwenye nyumba wako kabla hujaondoka, nimempa dereva yuleyule.

Nilikwenda siku ileile. Wameniingiza bomba, wameosha pafu moja, la pili keshokutwa, wakimaliza narudi nyumbani. Maji yaliyotoka yalikuwa na ngozi juu, kama sufuria ya jana iliyolowekwa. Nesi aligeuza uso. Mimi nikayatazama mpaka mwisho, nikasema huo ni mtungi wa akina mdogo wangu.

Sijakusamehe. Nataka uje ukijua hivyo. Kuna mama amelazwa jirani yangu, naye alikuwa ameandikishwa kama mimi, na kila akikohoa nakulaani kidogo, halafu namkumbuka Marashi, halafu sijui nimlaani nani, nachoka, nalala. Huenda ulifanya sawa. Sijafika hapo bado.

Ukifika, ufunguo uko kwa jirani wa ngazini. Shuka safi zipo kwenye kabati, upande wa chini. Usimwage chai ya mtu.

Kopo liko chini ya kitanda, bado limevaa maua. Halijamwagwa tangu nilipoondoka, shemeji yako hawezi. Kifuniko kinabana, na kwa joto hili kitakuwa kimejaa hewa. Usikivute kwa nguvu, kitakurukia usoni. Kibonyeze upande mmoja kwa dole gumba, ukiachie taratibu, hewa itoke kwanza.

Dada yako